Chuma Kisichoaga

Siku ya kuniaga kazini yalisemwa mengi, na hakuna hata mmoja aliyetaja chuma. Niliitwa mama, mlezi, nguzo, hazina ya taasisi. Mgeni rasmi alifika chakula kimeshapoa, akasifu mchango wangu katika sekta, akalikosea jina langu, akaondoka kabla keki haijakatwa. Maisha yangu yote ya kazi nimeyamalizia kwenye maabara moja, ile iliyo pembeni ya Barabara ya Pugu, nikivunja vyuma kwa makusudi ili visije vikavunjika mikononi mwa watu. Hilo halikusemwa. Basi naliandika mwenyewe, kwa ajili yenu vijana mnaosimama sasa mbele ya mashine niliyoiacha. Habari za vyeo na mshahara nawaachia wenye hamu nazo.

Naitwa Somoe Mnandi, mkazi wa Mtoni, na kwa asili ni mtu wa kusini. Kama mtaona nawasema watu vibaya humu ndani, mjue ndivyo nilivyokusudia.

Nilianza kazi nikiwa na shahada mpya na viatu vya visigino. Mkuu wa maabara alikuwa Injinia Nampota, mtu mfupi mwenye miwani nzito, aliyesomea metali ughaibuni enzi ambazo kwenda huko kulikuwa ni habari ya ukoo mzima. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku akiviangalia viatu vyangu.

"Umealikwa harusi?" aliuliza.

"Hapana, mzee. Nimekuja kuripoti."

"Basi ripoti kwa lile tambara pale. Futa mashine, halafu tutajuana."

Nilifuta mashine ya kuvutia vyuma kuanzia juu hadi chini, nikiwa na hasira zangu kimoyomoyo. Nilipomaliza, alifunga kipande cha nondo kwenye taya zake, akawasha, akanikataza kutazama saa inayoonyesha mzigo. Alitaka nitazame chuma chenyewe. Kikavutwa. Kwa muda mrefu hakikuonyesha kitu. Kisha ngozi yake ikafifia, kikaanza kurefuka, katikati kikajibana na kufanya shingo nyembamba kama shingo ya mtungi, na hapo ndipo kikakatika.

"Umeona?" alisema Nampota. "Kinaaga. Chuma chenye adabu hakifi ghafla. Kinajikunja, kinarefuka, kinakuambia ondoka hapa. Kazi yetu kubwa siyo kujua kina nguvu kiasi gani. Nguvu kila mtu anaiulizia, hata wauza nondo. Kazi yetu ni kujua kikishindwa kitashindwaje."

Nimekaa kwenye vikao vingi tangu siku hiyo, vingine vyenye viyoyozi na maji ya chupa, na sijasikia sentensi iliyonifaa zaidi ya hiyo.

Niliajiriwa wakati mmoja na kijana mwingine, Kiondo, mzaliwa wa Temeke. Nitamtaja sana, kwa hiyo afadhali mumjue mapema. Kwa hesabu alinishinda mbali. Angeweza kukwambia mzigo utakaovunja kipande kabla mashine haijawashwa, na mara nyingi alipatia. Kasoro yake ilikuwa moja: mkubwa akikohoa, Kiondo alitafuta namna ya kukubaliana na hicho kikohozi.

Miaka yetu ya mwanzo ilikuwa ya nondo. Wafanyabiashara walituletea sampuli zilizosafishwa, zinazong'aa, zikapimwa, zikafaulu, wakachukua cheti, na ghalani kwao wakauza takataka. Nampota alisema sampuli iliyochaguliwa na muuzaji ni kama picha ya bwana harusi iliyopigwa studio: ni yeye kweli, ila si yule utakayeamka naye. Tukaanza kwenda wenyewe kwenye maghala na kukata tunapotaka. Tulichukiwa, na kuchukiwa huko kulinifaa. Kulinipunguzia mialiko ya sherehe.

Ni Nampota pia aliyenionyesha kioo cha metali kwa mara ya kwanza. Rafiki yake aliyekuwa akifanya utafiti nje alimletea utepe mwembamba kama wa kufungia zawadi, unaong'aa kuliko kioo cha kujitazamia. Nampota aliuzungusha kwenye kidole chake, akauachia, ukarudi ukanyooka kama vile haujaguswa.

Alinieleza hivi. Chuma cha kawaida kikipoa, chembe zake hujipanga safu, kama watu wanaoswali jamaa. Ukikisukuma sana, safu moja huteleza juu ya nyingine, kidogo hapa, kidogo pale, ndiyo maana kinapinda. Sasa, ukichanganya metali kadhaa, zirkoni na shaba na nyingine, ukaupoza mchanganyiko huo haraka mno, chembe hukosa nafasi ya kujipanga. Zinagandia zilipo, kama umati kwenye geti la uwanja siku ya mechi ya watani. Ni metali, lakini ndani yake imevurugika kama kioo cha dirisha.

"Kwa hiyo ni dhaifu?" niliuliza.

"Ina nguvu ya kutisha. Hakuna safu, kwa hiyo hakuna kinachoteleza kirahisi. Inavumilia, inavumilia, na ukiiachia inarudi ilivyokuwa. Tatizo lake ni siku inapochoka. Mtelezo wote unajikusanya kwenye mkanda mmoja mwembamba, mwembamba kuliko unywele, umekata mshazari. Kila kitu kinaishia kwenye huo mkanda. Vuta kipande kinene cha hii kitu uone. Hakikuagi."

Utepe mwembamba unaweza kupindwa ukapindika, kwa sababu mikanda mingi midogo hupata nafasi ya kugawana ile kazi. Unene ukiongezeka, neema hiyo huisha. Nampota alilisisitiza hilo, kisha akautia utepe kwenye droo na tukarudi kwenye nondo zetu. Baadaye alistaafu, akarudi kusini, akafia huko. Nasikitika hakuwepo yaliponikuta ninayotaka kuwasimulia. Au pengine ni heri yake, maana alikuwa na shinikizo la damu.

Baada yake tuliletewa Mkurugenzi. Sitamtaja jina, si kwa heshima, ila kwa kuwa analipenda mno jina lake na mimi si mtu wa kumfurahisha. Alikuwa msomi wa kweli, alijua metali vizuri, na ningependa mlikumbuke hilo, kwa sababu watu hupenda kusema mambo mabaya hufanywa na wajinga. Chini yake maabara ilipata mapazia mapya, kauli mbiu, na meza ya duara. Mashine ya kuvutia vyuma iliendelea kuvuja mafuta.

Siku moja alituchukua mimi na Kiondo kwenda kwenye hoteli moja ya Kawe, kwenye uzinduzi. Kijana mmoja mtanashati aitwaye Edgar, mwenye kampuni ya kuingiza vifaa vya tiba, alisimama mbele ya wageni na bamba dogo linalong'aa. Akaangusha gololi ya chuma juu ya bamba. Gololi ikadunda. Ikadunda tena. Ikaendelea kudunda muda ambao gololi yoyote yenye haya ingekuwa imeshatulia, tak tak tak, hadi ukumbi ukaanza kucheka, kisha kupiga makofi. Pembeni aliweka bamba la chuma cha kawaida, gololi ikadunda kidogo ikafa. Makofi tena.

"Metali ya karne mpya!" alisema Edgar. "Nguvu mara mbili ya chuma cha pua, na wepesi juu. Tunaileta kwenye miguu ya bandia, kwa Watanzania wenye ulemavu."

Mpango wake ulikuwa huu. Miguu ya bandia inayotengenezwa kwenye karakana zetu ina pini kwenye kifundo, inayobeba uzito wa mtu kila anapokanyaga. Kampuni yake ingezipa karakana pini za kioo cha metali pamoja na vifundo vyake, bure katika awamu ya kwanza, kwa msaada wa wafadhili. Kilichobaki ni cheti cha maabara yetu.

Mkurugenzi alinigeukia huku akipiga makofi. "Unaonaje, Bi Somoe?"

"Gololi inadunda vizuri," nilimjibu. "Kama kuna mtu anataka kudundia juu ya mguu wake, nitamshauri."

Kiondo alikanyaga kiatu changu chini ya meza. Ila na yeye alijua. Gololi inadunda kwa sababu bamba hurudisha karibu nguvu yote linayopewa. Haisemi lolote juu ya siku bamba litakapokataa. Ukumbi mzima ulikuwa unashangilia jibu la swali ambalo hakuna mgonjwa aliyewahi kuliuliza.

Edgar alileta sampuli kwenye kisanduku chenye kitambaa cha mahameli, kama pete. Vilikuwa vipande vya duara, vifupi, kimo chake sawa na upana wake, kama vifuniko vinene vya chupa. Ombi lake lilikuwa jaribio la kukandamiza tu. Tulikandamiza. Vilibeba mzigo ambao sijawahi kuuona kwenye kitu cha ukubwa ule, na vilipozidiwa havikuvunjika. Vilibonyea kidogo kidogo, kwa utaratibu, kama chuma chenye adabu.

Mkurugenzi alisimama nyuma yangu. "Umeona? Kinabonyea. Na nyie mlisema kinavunjika ghafla."

Nilichukua venia, kile kipimo cha taya, nikapima kipande ambacho hakijakandamizwa, ingawa macho yalikuwa yameshaniambia. Ule mkanda wa mtelezo hukata mshazari. Kwenye kipande kirefu unaingia upande mmoja, unatokea upande wa pili, na kipande kinagawanyika. Kwenye kipande kifupi namna ile hauna pa kutokea. Unagonga bamba la juu la mashine, unagonga la chini, unabanwa, na mkanda mwingine unalazimika kuanza. Kinachozuia kisivunjike ni mabamba ya mashine yetu. Mgonjwa hatembei na mabamba ya mashine yetu.

Nilimuuliza Edgar mbele ya wote. "Nani alikata hizi sampuli?"

"Kiwandani."

"Kuna ndefu?"

"Hizo ndizo zilizopo, mama."

"Na pini zenyewe ni fupi hivi?"

Alitabasamu. Wale wanaofundishwa kutabasamu kazini mnawajua. "Mama yangu, tusiingie huko. Tumeomba jaribio moja, jaribio limefanyika, matokeo mazuri. Ishu iko wapi?"

Hapo nikajua kwamba anajua. Mtu asiyejua angeuliza kwa nini urefu unanihusu. Yeye alilikwepa swali kabla halijamfikia.

Nilitafuta pini zenyewe. Nilizipata karibu na nyumbani, Mtoni, kwenye karakana ya Damiani, mtengeneza miguu ya bandia. Baba yake alikuwa mchonga vinyago na Damiani mwenyewe alianzia kwenye mpingo kabla hajaenda kusomea viungo bandia. Alikuwa ameshapewa boksi zima la pini kwa majaribio, hata kabla ya cheti, na mguu mmoja alishaufunga. Alinipa pini chache bila kuuliza sana. Zilikuwa nene kama kidole changu cha mwisho, na kila moja imechongwa mfereji mdogo karibu na ncha, wa kukalia klipu ya kuizuia isichomoke. Nilipouona ule mfereji niliupitisha ukucha. Metali isiyoaga, halafu mtu kaichagulia mahali pa kufia.

Nilikata kipande kirefu mara mbili ya upana wake, nikakikandamiza. Kilipasuka mshazari, kikateleza kama sabuni iliyokatwa. Kisha nikaweka pini nzima kwenye jaribio la kupinda. Ilijikunja kama upinde, vizuri, kwa madaha, nikakaribia kuipenda. Halafu kukatokea mlio kama bastola, mmweko wa cheche ndani ya wavu wa kinga, na nusu mbili sakafuni. Hakukuwa na shingo wala mkunjo uliobaki. Ukiziunganisha nusu zile zinarudi kuwa pini iliyonyooka.

Kiondo alikuwa amesimama pembeni. Aliinama, akaokota nusu moja, akaitazama sura ya mvunjiko kwa lenzi, akairudisha mezani.

"Sawa," alisema. "Ni kama tulivyodhani."

"Basi tuandike."

"Somoe, hatukuombwa kupinda."

Mkurugenzi naye alisema hivyohivyo, kwa maneno marefu zaidi. Maabara hutoa matokeo ya jaribio lililoombwa. Mteja aliomba kukandamiza. Matumizi ni jukumu la mteja. Nilipomwambia kwamba sisaini, hakukasirika. Alinipa pole, kama mtu aliyefiwa, akasema mtu mwingine atasaini. Akasaini Kiondo. Naomba mnielewe: kwenye cheti kile hakukuwa na uongo. Kila namba ilikuwa ya kweli, imepimwa sawasawa, imeandikwa kwa mwandiko safi. Nimeona vyeti vya kughushi vingi maishani, na hakuna kilichonikirihi kama kile cha kweli.

Nilirudi kwa Damiani. Nilikuta mwenye ule mguu uliofungwa pini yupo, ameketi kwenye benchi. Alikuwa Hadija, muuza mapazia ya mtumba, aliyepoteza mguu kwenye ajali ya bodaboda. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Nilimwomba auvue mguu ili Damiani abadilishe pini.

"Hee! Thubutu!" alisema Hadija. "Dada Somoe, nimekaa na magongo mpaka kwapa zikaota sugu. Mguu huu mie naukanyaga unanisukuma wenyewe. Mwepesi! Unataka niurudishe kisa nini?"

"Pini yake inaweza kuvunjika."

"Kwani cha chuma hakivunjiki?"

"Kinavunjika. Ila..."

"Basi niache."

Damiani alinivuta pembeni akanieleza shida yake, na sikuweza kumdharau kama nilivyotaka. Pini na vifundo vilikuja pamoja. Akikataa pini, wafadhili wanachukua vifundo, na kwenye baraza lake watu walikuwa wanasubiri miguu kwa zamu ndefu. "Nikiwaambia wasubiri tena, nawaambia kwa sura gani?" alisema.

Nilimwomba jiliwa lake na kipande cha bomba. Nilifunga pini ya chuma cha pua upande mmoja na ya kioo cha metali upande mwingine, nikamwita Hadija asogee, ila akae nyuma ya bati. Nilivaa miwani. Nikaanza na chuma. Nilikaza bomba, kikapinda, na nilipoachia kikabaki kimepinda. Nikahamia pini ya Edgar. Nikakaza vilevile, ikapinda. Nikaachia, ikarudi ikanyooka.

Hadija akapiga kofi. "Si umeona? Hicho chako ndicho kibovu!"

Nilikaza zaidi. Ikarudi. Damiani akaanza kunitazama kwa huruma, na kwa kweli kwa dakika hiyo nilikuwa nashindwa kesi mbele ya mashahidi wangu mwenyewe. Nikakaza tena, kwa uzito wangu wote, na pini ikalia paa. Cheche zikaruka. Kipande kilipiga bati mbele ya Hadija, kikaacha kovu. Bomba liliniponyoka nikaenda na bega langu ukutani.

Hadija alilitazama lile kovu kwenye bati.

"Na hiki cha chuma," alisema polepole, "kikipinda hivi mguuni, mtu anaanguka?"

"Hapana. Unaanza kuchechemea. Unakuja kwa Damiani umekasirika."

"Kuchechemea najua," alisema Hadija. Akafungua mikanda, akauvua mguu, akamkabidhi Damiani. "Weka hicho kizito. Lakini dada Somoe, nitakusema kila siku."

Alitimiza ahadi. Damiani alichonga pini za chuma cha pua kwa mashine yake mwenyewe, akaziweka kwenye vifundo vya wafadhili, na kwa muda hakuna aliyemgundua. Mimi niliandika taarifa yangu kamili, nikaipeleka kwa Mkurugenzi, akaipokea kwa mikono miwili. Ikalala. Karakana nyingine zilionyeshwa cheti cha Kiondo, zikafunga pini za Edgar, na mtu mmoja wa Gongo la Mboto akapata mguu mpya.

Huyo alikuwa Mzee Ngulangwa, fundi cherehani, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Alifurahi mno, kwa sababu aliweza tena kukanyaga cherehani kwa miguu yote miwili. Hebu fikirini, nyinyi mnaosoma haya mkiwa na venia mifukoni. Kukanyaga cherehani kutwa nzima: mzigo mdogo, unaojirudia, unaojirudia, kwenye mfereji uliochongwa kwenye metali isiyojua kujikunja. Hata mtu mwenye nia mbaya asingeweza kubuni jaribio kali zaidi la uchovu wa metali. Siku moja asubuhi aliinuka kwenye kiti kumpima mteja, pini ikakatika, akaangukia kona ya chuma ya cherehani yake na kuvunjika nyonga.

Habari zilinifikia kupitia kwa Damiani. Ofisini zilikuja kwa lugha nyingine: tukio, changamoto ya matumizi, mteja kutofuata maelekezo. Edgar aliitwa, akasema pini haikuundwa kwa ajili ya cherehani. Mkurugenzi alisema maabara ilipima ilichoombwa. Kikao kilikwisha kwa kuunda kamati, nayo kamati ikaomba chai.

Nilimfuata Kiondo mezani kwake. "Twende Gongo la Mboto."

"Kufanya nini?"

"Kumwona mgonjwa. Ni wetu."

Nilitegemea akatae, na nilikuwa nimeshaandaa matusi. Alinyanyuka, akachukua funguo za gari lake.

Mzee Ngulangwa alikuwa amelala kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na dirisha. Cherehani ilikuwa imefunikwa kanga. Tulimwamkia, akaitika marahaba, akajitahidi kuinua kichwa kwa heshima ya wageni. Nilisema tumetoka maabara inayopima vyuma. Mkewe alisimama mlangoni.

"Ahaa," alisema mzee. "Kwani ile pini ilipimwa?"

Nilimgeukia Kiondo kwa makusudi. Swali halikuwa langu.

"Ilipimwa, mzee," Kiondo alisema.

"Aliipima nani?"

"Mimi."

"Ukaiona nzuri?"

Kiondo alitazama mikono yake. "Nilijua itavunjika," alisema.

Mkewe mzee alishika fremu ya mlango. Mimi mwenyewe sikutarajia jibu lile. Nilikuwa nimemjua miaka yote hiyo kama mtu wa kuzunguka. Mzee Ngulangwa alimtazama muda mrefu, bila hasira, kama fundi anayetazama nguo iliyokatwa vibaya akifikiria kama kuna kitambaa cha kutosha kuirekebisha.

"Na wengine wanazo?" aliuliza.

"Wanazo."

"Basi unakaa hapa unanitazama mie nini?"

Kiondo alisimama. Tulirudi ofisini. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa Mkurugenzi, mlango ukabaki wazi, kwa hiyo tulisikia wote. Alisema anafuta saini yake. Mkurugenzi alimwambia saini haifutwi kirahisi hivyo, kuna utaratibu, kuna wadau. Kiondo, yule wa kukubaliana na vikohozi, alisema kwa sauti ambayo sikujua kama anayo:

"Basi utaratibu unikute njiani. Naanza kupiga simu kwenye karakana sasa hivi."

Akapiga. Alikaa mezani kwake akaita moja baada ya nyingine, akajitambulisha kwa jina na cheo, akasema maneno yaleyale: mimi ndiye niliyesaini, vueni pini hizo leo. Nyingine zilimtukana. Moja ilimkatia simu, akaipigia tena. Mimi nilipeleka taarifa yangu kwa mkono kule ambako simu haikupokelewa. Pini zilivuliwa. Damiani alichonga za chuma hadi mashine yake ikachemka.

Mambo yaliishaje? Yaliishia kama yanavyoishia. Mzee Ngulangwa alipona nyonga ila hakurudi kwenye cherehani ya kukanyaga. Watoto wake walimnunulia ya umeme, ambayo anaidharau. Edgar sasa anauza paneli za jua, na nasikia naye bado anatabasamu. Mkurugenzi alipanda juu zaidi, anafungua semina. Kioo cha metali chenyewe hakina kosa. Kwenye springi nyembamba sijaona mfano wake, na siku hizi wapo wanaokichanganya na vijipande vyenye safu ndani yake ili mtelezo usipate njia moja ya kukimbilia. Nilipima kimoja kabla sijastaafu, kikarefuka kidogo kabla ya kukatika, nikafurahi kama mjinga. Metali inajirekebisha. Wenye meza za duara sijaona.

Kiondo ndiye mkuu wenu wa maabara leo. Hakuwahi kuniomba msamaha kwa ile saini, na mimi sikuwahi kumsamehe. Tumekunywa chai pamoja miaka yote iliyobaki tukiwa katika hali hiyo, na ilitosha. Nyinyi mnamwona mzee mkali, mwenye nyuzi zilizofumuka kwenye soksi, anayerudisha sampuli za watu bila kueleza. Mnamnung'unikia kwamba anachelewesha wateja. Hamjamsikia akisimulia habari za Gongo la Mboto, kwa sababu hazisimulii. Mkimuuliza atakasirika.

Muulizeni.